Kiti kimoja, kura tatu

Katika mkutano wetu uliopita wengine walisema mwakilishi wa kartie moja aondolewe kwenye komite, sababu aliuliza makuta ya sanduku yametumika namna gani. Wakasema kartie yake ichague mwingine. Mbele ya kuamua, tukumbuke mambo yaliyotokea Georgia, kule Marekani.

Tarehe 15 Juni 1965, watu wa eneo la 136, mjini Atlanta, karibu wote weusi, walimchagua Julian Bond aende kwenye bunge la jimbo. Alipata kura 2,320, mpinzani wake 487. Bond alikuwa kijana wa miaka 25, mtumishi wa SNCC, chama cha vijana waliopigania haki za weusi.

Tarehe 6 Januari 1966 SNCC ilitoa tangazo la kupinga vita ya Vietnam. Na sisi Wakongomani tusikie vizuri: tangazo lile lilitaja hata Kongo yetu kati ya inchi ambako Marekani ilijifanya kujali uhuru wa watu. Bond akasema anakubaliana nalo. Nyuma ya siku 4, wabunge 184 wakapiga kura ya kumkatalia kiti, 12 tu wakamtetea.

Kiti kikabaki wazi. Gavana akaitisha uchaguzi mdogo. Nani akasimama? Bond yule yule, na akashinda kwa kura nyingi sana. Kamati ya bunge ikamwita ili afute maneno yake. Akakataa, na kiti kikabaki wazi tena. Tarehe 8 Novemba, kwenye uchaguzi wa kawaida, watu wakamrudisha mara ya tatu.

Tarehe 5 Desemba 1966, majaji wote wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakasema kwa sauti moja kwamba bunge lilivunja haki yake ya kusema. Januari 1967 akaapa.

Wabunge walifikiri wanamwazibu Bond. Kumbe waliwaazibu wapiga kura 6,500 hivi, waliokaa mwaka mzima bila msemaji. Sisi tuliotoka kambini tunajua uchungu wa wengine kuamua juu yetu na sisi hatupo.

Kwa hiyo, kartie ile ikimrudisha mtu wake yule yule, komite impokee. Na swali lake lijibiwe kwa karatasi, mbele ya wanachama na wafazili.