Pete Iliyopinda na Dhahabu ya 1972

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90 kuondoka Uganda. Jinja na Mbale, miji ya maduka na masonara wa Kihindi, ikabaki na nyumba tupu na uvumi kwamba dhahabu imefukiwa uani. Uvumi huo una mantiki, maana waliofukuzwa waliruhusiwa kubeba fedha kidogo tu, na askari waliwapekua njiani wakiwanyang'anya vito. Lakini mantiki si ushahidi. Kinachoweza kuuthibitisha au kuukanusha ni mahali hasa kitu kilipolala, kina chake na vilivyokuwa kando yake. Hayo ndiyo hupotea mwenye kifaa cha kutambua metali anapofukua kwa pupa.

Kwa hiyo pete iliyopinda ikifukuliwa, isinyooshwe kabla ya kupimwa na kupigwa picha. Mpindo wenyewe unaweza kudokeza kama ilikanyagwa, iligongwa na jembe au ilikunjwa makusudi iyeyushwe. Atapinga mtu kwamba pete ni ya kuvaliwa, na sonara akiipasha moto na kuigonga kwa nyundo ya mbao juu ya chuma cha mviringo, hurudi duara. Ni kweli, dhahabu ni laini. Ila moto huohuo waweza kulegeza lehemu ya zamani, na nyundo ikafuta alama ya fundi. Wengine watasema cha kuokota ni cha mwokotaji. Hata hivyo, sheria ya Uganda ya 1982 iliyoruhusu Waasia kudai mali zao ilikiri kwamba kufukuzwa hakukufuta haki yao ya kuzidai. Kuandika kwanza na kunyoosha baadaye kunamlinda mwenye mali, na historia pia.