Bunduki Zilizoachwa Zipite: Kashfa ya Arizona na Imani ya Wamarekani kwa Serikali Yao

Kuanzia mwishoni mwa 2009 hadi mwanzoni mwa 2011, maofisa wa ATF, ofisi ya serikali kuu ya Marekani inayoshughulikia pombe, tumbaku, silaha na vilipuzi, walikaa Phoenix, Arizona, wakiwatazama watu wakinunua bunduki kwa niaba ya magenge ya dawa za kulevya ya Mexico. Hawakuwakamata. Hoja ya operesheni hiyo, iliyoitwa Fast and Furious, ilikuwa kwamba kumkamata mtu aliyetumwa dukani kujaza fomu kwa jina lake hakuvunji genge. Afadhali aachwe, silaha zifuatiliwe hadi kwa wakubwa. Bunduki zipatazo 2,000 zilinunuliwa, lakini ufuatiliaji wenyewe haukuwapo. Nyingi zilipotea, na baadhi zikaibuka kwenye matukio ya uhalifu pande zote mbili za mpaka.

Usiku wa 14 Desemba 2010, Brian Terry, askari wa doria ya mpakani, aliuawa kwa risasi kusini mwa Arizona. Bunduki 2 zilizookotwa hapo zilikuwa miongoni mwa zile zilizonunuliwa machoni pa ATF. Habari hiyo haikuanzia kwenye magazeti makubwa. Waliotangulia kuiandika ni watetezi wa haki ya kumiliki bunduki, watu ambao siku zote walikuwa wakiishuku ATF, na safari hii shaka yao ilikuwa na msingi. Machi 2011 John Dodson, ofisa wa ATF, alijitokeza kwenye televisheni ya CBS akaeleza aliyoyaona.

Kosa la kiutendaji, hata likigharimu uhai, halitoshi peke yake kuivunjia serikali heshima. Kilichoivunja ni barua. Tarehe 4 Februari 2011 Wizara ya Sheria, iliyo juu ya ATF, ilimwandikia Seneta Charles Grassley kukanusha kwamba ATF iliruhusu silaha zipite. Desemba mwaka huohuo barua hiyo iliondolewa rasmi kwa sababu haikuwa kweli. Wabunge walipodai nyaraka za kuonyesha ilivyoandikwa, Rais Obama alitumia mamlaka yake kuzizuia, na tarehe 28 Juni 2012 Baraza la Wawakilishi likampata Mwanasheria Mkuu Eric Holder, mkuu wa Wizara hiyo, na hatia ya kulidharau Bunge, kwa kura 255 dhidi ya 67. Hadi wakati huo hakuna Mwanasheria Mkuu aliyekuwa amewahi kufikwa na hilo akiwa madarakani. Miezi mitatu baadaye Mkaguzi Mkuu wa Wizara, Michael Horowitz, aliwataja maofisa 14 waliostahili kufikiriwa kuchukuliwa hatua, lakini hakupata ushahidi kwamba Holder aliijua mbinu hiyo kabla ya 2011. Mbinu yenyewe ilikwisha kutumika Tucson mwaka 2006 na 2007, wakati wa Rais Bush.

Wananchi wengi hawakuyapata haya kwa pamoja. Vyombo vya mrengo wa kulia, Fox News mbele yao, viliifuata kashfa kwa ari. Vingi vya upande wa pili viliichukua kuwa vita ya Warepublican dhidi ya Obama, na barua ya uongo ikapita kama jambo dogo. Univision, televisheni ya Kihispania, ndiyo iliyokwenda mwaka 2012 kuwatafuta waathirika wa Mexico, ambao mabishano ya Washington yalikuwa yamewasahau.

Katika pengo hilo ikastawi nadharia kwamba silaha ziliachwa makusudi ili vifo vihalalishe sheria kali za bunduki. Iliegemea chembe moja ya ukweli: baruapepe za ndani zilionyesha baadhi ya maofisa wa ATF wakijadili kuitumia kesi hiyo kutetea kanuni ya kuwataka wauzaji wa majimbo ya mpakani waripoti mtu mmoja anaponunua bunduki ndefu kadhaa. Kutoka hapo hadi njama ya mauaji ni mbali mno, na ripoti ya Horowitz haikuonyesha njama yoyote ya namna hiyo.

Athari ya shaka ya namna hiyo ilikuja kuonekana baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa katika shule ya Sandy Hook, Connecticut, Desemba 2012. Januari 2013 kituo cha utafiti cha Pew kilikuta asilimia 53 ya Wamarekani wakiiona serikali kuu kuwa tishio kwa haki zao. Mswada wa maseneta Manchin na Toomey wa kupanua ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki ulikataza waziwazi daftari la kitaifa la wamiliki, na kumwekea anayelianzisha kifungo cha hadi miaka 15. Wapinzani waliendelea kusema daftari linakuja. Tarehe 17 Aprili 2013 mswada huo ulipata kura 54 katika Seneti, pungufu ya 60 zilizohitajika. Grassley, yuleyule aliyeandikiwa barua ya uongo, aliupinga. Kumshuku aliyekwisha kudanganya ni haki ya raia, lakini shaka isiyotulizwa hata na katazo lililoandikwa ndani ya sheria haimsimamii tena mtawala yeyote.

Siku hiyohiyo lilianguka pia pendekezo la kuufanya ununuzi wa bunduki kwa niaba ya mwingine kuwa kosa mahususi la serikali kuu, lile hasa lililokuwa likitendeka Phoenix. Lilipata kura 58. Kosa hilo liliingizwa kwenye sheria Juni 2022, mwezi mmoja baada ya mauaji ya shule ya Uvalde, Texas.