Ayoni nzito zafichua kaboni ya Mwezi

MWEZI hauna hewa ya kuvuta, lakini anga iliyo juu yake si tupu. Hupita hapo plazima, yaani gesi iliyojaa elektroni zilizobanduka pamoja na atomu zilizobaki na chaji ya umeme, ziitwazo ayoni. Nyingi huletwa na upepo wa Jua, uendao takriban kilomita 400 kwa sekunde, na karibu zote ni za haidrojeni. Zile nzito, kama za kaboni, oksijeni na sodiamu, ni chache mno, na baadhi yake zimetoka katika udongo wa Mwezi wenyewe. Kuzitambua ni sawa na kusaka chuya ndani ya gunia la mchele.

Kazi hiyo ilifanywa na Kaguya, chombo cha Japani kilichorushwa Septemba 14, 2007 na kuuzunguka Mwezi kwa kimo cha kilomita 100 hivi. Kipimo chake kilipokea ayoni za nishati iliyochaguliwa, kisha kikazipitisha katika utando mwembamba wa kaboni. Ayoni ilipotoboa utando iling'oa elektroni, na hapo saa ikaanza kuhesabu hadi ayoni ilipofika mwisho wa njia. Kwa nishati ileile, iliyo nzito huchelewa. Kuchelewa huko ndiko kunakotaja uzito wake.

Chaji nayo ni ushahidi. Kaboni ya upepo wa Jua huwa imepoteza elektroni kadhaa, ilhali ile iliyobanduka Mwezini na kupigwa na mwanga huwa imepoteza moja tu.

Kaboni ndiyo iliyozua mjadala. Mawe yaliyoletwa na wanaanga wa Apollo kati ya mwaka 1969 na 1972 yalionekana kuwa na upungufu mkubwa wa elementi zinazovukizwa upesi na joto. Hilo liliafikiana na nadharia kwamba Mwezi ulizaliwa katika joto kali, baada ya gimba kubwa kuigonga Dunia. Lakini mwaka 2020 Shoichiro Yokota wa Chuo Kikuu cha Osaka na wenzake walichapisha uchambuzi wa takwimu za Kaguya za mwaka mmoja na nusu, wakaonyesha kuwa kaboni inayotoka Mwezini ni nyingi kuliko ile inayoweza kuletwa na upepo wa Jua na vimondo vidogo. Tena madoa meusi tunayoyaona kwa macho, ambayo ni nyanda za basalti, huitoa kwa wingi kuliko nyanda za juu zilizo kongwe zaidi.

Nadharia ya mgongano haikuanguka kwa sababu hiyo. Kinachopaswa kuhesabiwa upya ni kiasi cha joto, kwa kuwa kaboni hiyo yaelekea ipo tangu Mwezi ulipoumbwa. Kaguya yenyewe haipo tena: iliangushwa Mwezini kwa makusudi Juni 2009, zaidi ya miaka kumi kabla ya hesabu hizo kuchapishwa.