Pilates, Unyago na Kiuno cha Bibi Harusi

Bibi harusi wengi siku hizi huanza mazoezi makali mwezi mmoja tu kabla ya nikahi: kuruka, kuchuchumaa, kukimbia papo kwa papo. Wiki ya pili mgongo umekaza, magoti yanauma, ndipo shoga anamwambia, "Jaribu Pilates."

Pilates ni jina la mtu. Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa 1883, alikuwa Uingereza vita vilipoanza 1914, akawekwa kizuizini kama raia wa nchi adui. Akaishia kambini katika kisiwa cha Man. Humo ndani, pasipo vyombo, aliwafundisha wenzake mazoezi ya kulala sakafuni: pumzi, tumbo, uti wa mgongo. Miaka ya 1920 akahamia New York, na wacheza dansi wakawa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Alifariki 1967.

Sasa vuka maji uje Kunduchi, penye yale makaburi ya kale yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina. Pwani hii ni ya Wazaramo, na mwali wa Kizaramo naye aliwekwa ndani. Mtafiti Marja-Liisa Swantz aliishi Bunju, jirani tu hapo, katika miaka ya 1960, akaandika juu ya mila hizo: mwali, mti wa mkole, siku ya kutolewa nje akiwa amebebwa mabegani. Kwetu Unguja, Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alipiga ngoma ya unyago hadi uzeeni.

Masheikh wapo wanaoukataa unyago, na mimi sitetei kila kinachoimbwa humo. Lakini tazama mafunzo ya kiuno yalivyo. Nyonga inazunguka, mabega yametulia, pumzi haikatiki. Hiyo si kazi ya miguu, ni ya misuli ya ndani ya tumbo na ya chini ya mgongo, ile ile anayoitafuta mwalimu wa Pilates. Makungwi hawakuiita sayansi, nasi tukaiita mambo ya kishamba, tukaja kuilipia ada.

Na hayo mazoezi makali? Mwaka 1996 Mjapani Izumi Tabata na wenzake walichapisha utafiti maarufu: sekunde 20 za nguvu zote, 10 za kupumzika, siku tano kwa wiki, wiki 6. Pumzi na nguvu ziliongezeka kweli. Ila waliopimwa walikuwa vijana wa kiume wanaosomea elimu ya viungo, tena juu ya baiskeli. Si dada aliyekaa ofisini mwaka mzima, anayeruka kwenye sakafu ya vigae!

Pilates haitakupa mapafu ya mkimbiaji. Inacholegeza ni nyonga na misuli ya nyuma ya mapaja, na inaimarisha kiwiliwili, ili ukichoka katikati ya kuchuchumaa mgongo usiiname kubeba kazi isiyo yake. Kwa hiyo anza na mkeka miezi mitatu kabla, mara mbili au tatu kwa wiki, kisha ndiyo uongeze kuruka taratibu. Chumba cha wanawake watupu kinatosha, mlango umefungwa, hata sebuleni kwa bibi. Na bibi mwenyewe akiwepo, mwombe akuonyeshe kiuno kinavyozungushwa bila bega kutikisika.