Kunasa Kumuse: Kutoka Kaseti Hadi Kumbukumbu ya Kompyuta

Miongoni mwa Wabukusu wa Bungoma na wa viunga vya Kitale, kumuse ni hotuba itolewayo baada ya maziko ya mzee mwenye heshima. Mtoaji hutembea mbele ya waombolezaji, akieleza asili ya koo na kuwausia walio hai, pengine kwa saa kadhaa. Hotuba hii haiwezi kurudiwa kwa ombi la mtafiti, kwani huzaliwa na msiba. Kwa hiyo, historia ya vyombo vya kunasia sauti ni sehemu ya historia ya fasihi yenyewe.

Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai kwamba fasihi ya Kiafrika iwe kitovu cha masomo chuoni Nairobi. Fasihi simulizi ikapata hadhi, na kinasasauti kikawa chombo cha mwanafunzi. Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, ilibebeka kwa urahisi. Lakini ile ya dakika 60 ilibidi igeuzwe baada ya dakika 30, na msemaji hakumngoja mgeuzaji.

Kompyuta iliondoa tatizo hilo ikaleta jingine. Kwa kiwango cha sidii, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde. Njia mbili za sauti huhitaji baiti 176,400 kila sekunde. Diski ya kawaida ina sahani inayozunguka na kichwa kinachosogea. Kichwa kikichelewa mno, vipimo hupotea. Lubukusu ni lugha ya toni. Pengo dogo laweza kumnyima mchambuzi toni ya silabi nzima.

Dawa mojawapo ilikuwa kutenga sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta itumike kama diski. PC-DOS 3.0 ya IBM, ya mwaka 1984, ilikuwa na programu ya kazi hiyo, VDISK. Kumbukumbu haina kinachozunguka: hupokea upesi, tena kimya. Hata hivyo, kilobaiti 640 za kompyuta za wakati huo zingejaa kwa sekunde zisizotimia 4. Saa moja huhitaji megabaiti 635 hivi. Iliwezekana tu kumbukumbu zilipopanuka.

Tena, umeme ukikatika, kumbukumbu ya namna hiyo husahau yote. Kumbukumbu isiyohitaji umeme ili kutunza, iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba katika miaka ya 1980, ndiyo iliyomo katika kadi za vinasasauti vya leo.

Yafaa basi kutofautisha kupokea na kuhifadhi. Kumbukumbu ya upesi hupokea vema, bali haiaminiki kuhifadhi. Nakala hazina budi kutolewa siku ile ile, na moja ibaki karibu na wenye hotuba: katika Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974, au Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma, kilichopata hati mwaka 2015. Kumuse iliyonaswa bila kasoro, kisha ikapotea, haina tofauti na ile ambayo haikunaswa kamwe.