Meli ya matembezi: Muingereza analipa leo, anapanda mwaka kesho

Mtu anayetoka Goma kwenda Bukavu kwa bato hununua tiketi yake siku ileile ama siku moja mbele, valizi ikiwa tayari mkononi. Huko Uingereza, mtu anayetaka kupanda meli ya matembezi kwa mara ya kwanza hutoa avansi miezi mingi kabla, wakati mwingine mwaka mzima na zaidi. Analipia kitanda ndani ya meli ambayo hajaiona, kwa kampuni anayoijua kwa picha tu. Kati ya siku ya kutoa makuta na siku ya kupanda ngazi, mambo mengi yanaweza kuharibika. Sehemu kubwa ya sheria za Waingereza juu ya safari hizi ilizaliwa pale yalipoharibika kweli.

Kwanza ieleweke ni meli ya namna gani. Meli ya matembezi haimpeleki mtu mahali ili ashuke na mizigo yake. Ni hoteli inayoelea, yenye vyumba, mikahawa, mabwawa ya kuogelea, ukumbi wa muziki na muganga wake. Inazunguka bandari kadhaa, kiisha inarudi ilikotoka. Asubuhi abiria anashuka kutembea Lisbon ama Barcelona, jioni anarudi kulala katika kitanda kilekile. Meli Iona ya kampuni P&O Cruises, iliyoanza kazi mwaka 2021, inaweza kubeba abiria zaidi ya 5,000, bila kuhesabu wafanyakazi.

Waingereza wako katika kazi hii tangu zamani. P&O ilianzishwa mwaka 1837 na Cunard ilianza safari zake mwaka 1840, zote mbili kwa kubeba barua za serikali. Mwaka 1844 P&O ilianza kuuza safari za kujifurahisha tu kutoka Southampton kwenda bahari ya Mediterania. Ndege zilipowanyang'anya abiria wa kawaida, katika miaka ya 1950 na 1960, kampuni za meli hazikuwa na njia nyingine. Njo walianza kuuza bahari yenyewe, si mahali pa kufika.

Southampton imebaki bandari kubwa ya safari hizo. Hapo Muingereza wa mara ya kwanza anakuta uchaguzi wake wa kwanza. Anaweza kupanda meli nyumbani, Southampton, Dover ama Liverpool. Au anaweza kupanda ndege hadi Hispania, Italia ama visiwa vya Karibi na kukuta meli huko. Yule anayeondokea nyumbani habanwi na kilo za mizigo kama kwenye ndege, lakini siku mbili za mwanzo huwa anaona maji tu, na Ghuba ya Biscay, kati ya Ufaransa na Hispania, inajulikana kwa mawimbi. Yule anayepanda ndege anafika haraka kwenye jua. Lakini ndege ikichelewa, meli haimungojei, isipokuwa kama ndege na meli vilinunuliwa pamoja kwa kampuni moja, na hapo ni kazi ya kampuni kumfikisha. Ndiyo maana wenye uzoefu hufika mji wa bandari siku moja mbele.

Wakati wa kununua nao una desturi yake. Kuanzia Januari hadi Machi, baridi ikiwa kali na watu wamechoka na mvua, kampuni zote hutangaza bei za kupunguzwa na zawadi ndogondogo: vinywaji vya bure, pesa kidogo za kutumia melini, avansi ya chini. Wengi hununua kipindi hicho. Anayengoja hadi wiki za mwisho anaweza kupata bei ya chini zaidi, ila anachukua chumba kilichobaki. Kwa familia yenye watoto wa shule, kungoja ni kujidanganya, kwani vyumba vya watu wanne ni vichache na vinaisha mapema.

Juu ya vyumba, maneno ni mengi kuliko mambo. Kuna chumba cha ndani kisicho na dirisha, ndicho cha bei ya chini. Kuna chenye dirisha. Kuna chenye balkoni. Na kuna vyumba vikubwa vya wenye pesa. Mtu anayeogopa kichefuchefu anashauriwa achukue chumba cha katikati ya meli, ngazi za chini, mahali ambapo meli inayumba kidogo. Tena aangalie ramani ya meli asije akalala chini ya jiko ama ukumbi wa muziki. Bei nyingine ya chini ni ile ambayo kampuni yenyewe njo inachagua chumba baadaye: aliyeinunua anajua aina ya chumba, hajui kiko wapi, na hana haki ya kulalamika. Anayesafiri peke yake ndiye anayeumia. Bei huhesabiwa kwa watu wawili ndani ya chumba kimoja, na mtu mmoja anaweza kulipishwa karibu nafasi zote mbili.

Bei ya kwenye tangazo siyo bei ya safari. Ndani yake kwa kawaida mna kitanda, chakula katika mikahawa mikubwa, na michezo ya jioni. Pombe na soda, intaneti, matembezi ya bandarini, mikahawa midogo ya kifahari, kunyoa nywele, vyote vinalipiwa pembeni. Bakshishi ya wafanyakazi inategemea kampuni: P&O Cruises iliiingiza ndani ya bei mwaka 2019, lakini kampuni nyingi za Kimarekani huikata kila siku kwa kila mtu, hata kwa mtoto. Ndani ya meli hakuna anayetoa noti. Abiria anapewa kadi ya chumba, kila kinywaji kinaandikwa humo, na deni lote linakutana naye usiku wa mwisho. Familia nyingi zimerudi nyumbani zikisema safari ilikuwa nzuri lakini hesabu ilikuwa mbaya.

Sasa tuje kwenye makuta yenyewe, maana hapa njo Muingereza wa mara ya kwanza hukosea zaidi.

Septemba 23, 2019, kampuni ya safari Thomas Cook ilianguka. Ilikuwa imeanza mwaka 1841. Hakuna Muingereza ambaye hakuijua. Asubuhi hiyo Waingereza karibu 150,000 walikuwa nje ya nchi, kwenye hoteli na fukwe, wakiwa wamelipa kila kitu, na ndege za kuwarudisha hazikuwepo tena. Hawakuachwa. Mamlaka ya anga ya Uingereza, CAA, ilikodi ndege na kuwarudisha kwa muda wa wiki mbili hivi, na waliokuwa bado hawajasafiri lakini wamelipia safari yenye ndege walirudishiwa pesa zao.

Kilichowaokoa ni mpango unaoitwa ATOL. Ulianza mwaka 1973, na mwaka uliofuata tu kampuni kubwa, Court Line, ilianguka katikati ya kiangazi na kuacha maelfu ya watu njiani, jambo lililoonyesha kwamba dhamana ya wakati ule haikutosha. Leo kampuni inayouza safari yenye ndege ndani yake lazima iwe na ruhusa ya ATOL, na kwa kila abiria inaweka paundi 2.50 katika mfuko mmoja wa pamoja. Mununuzi anapolipa, hata avansi tu, lazima apewe cheti cha ATOL. Asiyepewa cheti aulize kabla ya kuondoka ofisini.

Lakini ATOL ni ya ndege. Yule anayetembea kwa miguu hadi Southampton na kupanda meli hana ndege, basi hana ATOL, na wengi hawalijui jambo hilo. Safari ya meli peke yake, kwa sababu ina usafiri na malazi pamoja, inalindwa na sheria ya mwaka 2018 juu ya safari za mafungu, inayomulazimisha muuzaji kuweka dhamana ya kurudisha pesa akifilisika. Mara nyingi dhamana hiyo inapitia ABTA, chama cha ajansi za safari kilichoanzishwa mwaka 1950. Julai 2020, wakati korona imefunga bahari, kampuni Cruise & Maritime Voyages, iliyopendwa na wazee kwa sababu ya meli zake ndogo na bei zake za chini, ilifilisika. Waliokuwa wamelipia meli bila ndege walipaswa kugonga mlango wa ABTA, si wa CAA. Mtu asiyejua pesa yake inalindwa na nani anapoteza miezi kwa kugonga milango isiyo yake.

Kuna kinga ya tatu, ambayo ni kongwe na rahisi. Sheria ya mikopo ya mwaka 1974, kifungu cha 75, inasema kwamba mtu akinunua kitu cha bei ya zaidi ya paundi 100 na isiyopita 30,000 kwa kadi ya mkopo, banki inabeba jukumu pamoja na muuzaji. Hata kama avansi tu ndiyo ililipwa kwa kadi hiyo, kinga inafunika bei nzima. Kadi ya kawaida inayokata pesa moja kwa moja kwenye akaunti haina haki hiyo ya kisheria. Tena pesa ikipita kwa ajansi kwanza, banki inaweza kubisha kwamba mukopeshwaji hakununua kwa kampuni ya meli. Ni vema kuuliza mapema jina la nani litaandikwa kwenye malipo.

Pamoja na hayo, ajansi si adui. Kwa kawaida analipwa na kampuni ya meli, na bei yake mara nyingi ni ileile. Kwa mtu wa mara ya kwanza, ajansi mwenye kujua meli anaokoa makosa mengi. Pesa iliyobaki hudaiwa miezi miwili hadi mitatu kabla ya safari. Asiyelipa siku hiyo anaweza kupoteza nafasi na avansi yake, na anayevunja safari baada ya hapo anakatwa zaidi kadiri siku zinavyokaribia.

Papier nazo zina mitego. Tangu Uingereza itoke katika Umoja wa Ulaya, pasiporti ya Muingereza lazima iwe imetolewa chini ya miaka 10 kabla ya siku ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, na iwe na miezi mitatu ya uhai baada ya siku ya kutoka. Zamani, hadi mwaka 2018, mtu aliyebadilisha pasiporti mapema aliongezewa miezi hadi tisa juu ya ile 10. Kwa hiyo pasiporti yaweza kuonyesha tarehe nzuri ya mwisho na bado ikakataliwa. Watu wamerudishwa nyumbani kutoka bandarini kwa jambo hilo.

Kwa wasikilizaji wenye ndugu huko: Mkongomani anayeishi Uingereza na pasiporti ya Kongo yuko katika hesabu nyingine. Ruhusa ya kukaa Uingereza haimufungulii Ulaya. Anahitaji viza ya Schengen, na meli ikipita Hispania, kiisha Moroko, kiisha Ureno, ameingia Schengen mara mbili. Viza ya kuingia mara moja haitoshi. Tena ruhusa ya Uingereza sasa ni ya kielektroniki na imefungwa kwa namba ya pasiporti, kwa hiyo aliyebadilisha pasiporti lazima aandikishe ile mpya kabla ya kusafiri. Kampuni ya meli inakagua yote haya bandarini. Asiye na viza hapandi, na pesa hairudi.

Asiransi ni jambo ambalo kampuni nyingi hulazimisha, na zina sababu. Muganga wa meli analipwa, na bei yake ni ya hospitali ya binafsi. Kadi ya afya ambayo Waingereza hutumia Ulaya haifanyi kazi kwake. Mgonjwa wa moyo akitolewa katikati ya bahari kwa helikopta, gharama inaweza kuuza nyumba. Asiransi ya kawaida ya safari mara nyingi haifuniki meli, lazima iandikwe wazi kwamba ni ya safari ya meli. Mwenye sukari ama presha asifiche: asiransi ikigundua alificha, inakataa kulipa. Inunuliwe siku ileile ya avansi, maana ugonjwa unaweza kuja kabla ya safari. Na mwanamke mjamzito aulize kwanza, kwani kampuni nyingi hazimpokei atakayekuwa amefika wiki ya 24 kabla safari haijaisha.

Siku ya kupanda, kabla ya muziki na chakula, kuna zoezi ambalo hakuna anayesamehewa. Kila abiria anaonyeshwa mahali pake pa kukusanyika, anafundishwa king'ora na jaketi la kuokoa maisha, na jina lake linawekwa alama. Titanic, iliyoondoka Southampton Aprili 10, 1912, ilizama ikiwa na watu zaidi ya 2,200 na nafasi za kuokoa watu karibu 1,178 tu. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa bahari uliandikwa mwaka 1914 kwa sababu yake. Januari 13, 2012, Costa Concordia iligonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 walikufa. Abiria waliokuwa wamepanda siku ileile walikuwa hawajafanya zoezi, kwani sheria ilitoa saa 24. Tangu 2015 zoezi linafanywa kabla ya meli kuondoka ama mara moja inapoondoka.

Wakaaji wa kando ya ziwa Kivu wanajua orodha ya majina ina maana gani. Oktoba 2024, bato MV Merdi ilipozama karibu na bandari ya Kituku ikitokea Minova, hesabu za waliokuwemo na waliokufa zilitofautiana kwa siku nyingi, na familia zilibaki zikiuliza. Huko Southampton, kila abiria anapigwa picha na kadi yake inasomwa na mashine kila anaposhuka na kupanda. Kwa hiyo saa ya kuondoka ikifika bandari yoyote, kapiteni anajua ni nani yuko ndani na nani amebaki mjini. Aliyeshuka kwa matembezi yaliyouzwa na meli atangojewa. Aliyejitembeza mwenyewe na kuchelewa ataikuta meli imekwisha kwenda, na tiketi ya kuifuata hadi bandari inayofuata ni ya mfuko wake.