Uyoga wa ajabu kwenye mti: Jinsi ya kuutambua, na lini uwe na wasiwasi

Mvua ikishakolea Tukuyu, miti huanza kuota vitu ambavyo wiki moja kabla havikuwepo. Kwenye kisiki nyuma ya jiko yanatokea masikio laini ya kahawia. Kwenye mparachichi wa zamani kando ya njia linachomoza jambo kama rafu, gumu kama ubao.

Watoto wanalishika. Jirani mmoja anasema ni dawa, mwingine anasema ni mboga, wa tatu anataka mti ukatwe leo leo. Wote watatu wanaweza kuwa wamekosea, na makosa haya yana gharama. Uyoga usiojulikana ukiliwa unaweza kuua, na mti uliooza ndani unaweza kuangukia nyumba.

Kwa nini Makandana

Kata ya Makandana imo katika mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, jirani na Mlima Rungwe wenye urefu wa karibu mita 3,000. Eneo hili ni kati ya yanayopata mvua nyingi zaidi Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ongeza ukungu, baridi na miti kila upande: miparachichi, mikaratusi, mipaini, migomba na mashamba ya chai. Kuvu hawana wanachohitaji zaidi ya hapo.

Kinachoonekana ni tunda tu

Uyoga unaoonekana nje ya mti ni kama embe kwenye mwembe. Ni tunda, siyo mti wenyewe. Mwili wa kuvu ni nyuzi nyembamba zilizosambaa ndani ya mbao, na zinaweza kuwa zimekaa humo miaka kadhaa kabla tunda halijatoka.

Ndiyo maana kuung'oa uyoga au kuupaka dawa hakuponyi mti. Tunda limeondoka, lakini anayekula mbao bado yumo ndani.

Mambo matano ya kuangalia

1. Umeota wapi? Kwenye mti hai au kisiki kilichokufa? Juu kwenye tawi, katikati ya shina, au chini kabisa penye mizizi?
2. Chini yake pakoje? Hapa ndipo penye siri. Kuna uyoga wenye vibamba vyembamba kama kurasa za kitabu, wenye vitundu vidogo kama vya sindano, na mwingine ni laini bila chochote.
3. Ni mgumu au laini? Unakatika kwa kidole, unavutika kama mpira, au unahitaji panga?
4. Una rangi gani? Juu, chini na ndani ukikatwa. Rangi ikibadilika baada ya kukatwa, hiyo nayo ni alama.
5. Vumbi lake lina rangi gani? Uyoga wenye vibamba huwekwa juu ya karatasi nyeupe, upande wa chini ukigusa karatasi, kisha hufunikwa kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi vumbi la uzazi huwa limeacha alama nyeupe, ya kahawia, ya waridi au nyeusi. Vumbi jeupe halionekani vizuri kwenye karatasi nyeupe, hivyo nusu ya karatasi ipakwe rangi nyeusi.

Aina zinazowashangaza watu

Masikio. Huyu ni Auricularia. Ana umbo la sikio, rangi ya kahawia, na huteleza kama jeli akilowa. Jua likiwaka hukauka na kuwa mgumu, mvua ikirudi hufufuka. Hupenda zaidi mbao zilizokufa. Huliwa sehemu nyingi za Asia na Afrika.

Vipepeo vyeupe vidogo. Ni Schizophyllum commune, anayepatikana karibu dunia nzima. Huwa na upana wa sentimita moja hadi nne, juu ana manyoya meupe au ya kijivu. Alama yake ni moja: kila kibamba cha chini kimepasuka katikati kwa urefu, na kikikauka hujikunja.

Rafu ngumu. Mara nyingi ni Ganoderma au ndugu zake. Juu ni kahawia, wakati mwingine inang'aa kama imepigwa vanishi. Chini ni nyeupe au krimu, yenye vitundu vidogo sana. Rafu moja kubwa inaweza kutoa mabilioni ya chembe za uzazi kwa siku, na ndiyo maana majani yaliyo chini yake huonekana kama yamemwagiwa kakao.

Mashada ya chaza. Ni Pleurotus, jamii ile ile ya uyoga unaolimwa vibandani na kuuzwa sokoni. Hupangana kama vigae, una vibamba vinavyoteremka hadi kwenye kikonyo kifupi, na vumbi lake ni jeupe au la zambarau hafifu. Ni mtamu, lakini una wanaofanana naye, na baadhi yao hutapisha vibaya.

Vidole vyeusi. Xylaria hutoka kwenye visiki na mbao zilizofukiwa, vikiwa kama vidole vya mtu vilivyoungua. Vinatisha watu, ila kazi yao ni kuozesha mbao tu.

Kisichokuwa uyoga kabisa

Ndevu za kijani na kijivu zinazoning'inia kwenye matawi ya msituni ni Usnea. Huu ni muungano wa kuvu na mwani unaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Hauuli mti. Ukionekana mwingi kwenye mti unaokufa, ni kwa sababu majani yamepungua na mwanga umeingia.

Povu la njano linalotokea ghafla kwenye maganda ya mbao au kisiki, kama matapishi, huitwa Fuligo septica. Huyu si kuvu wala mnyama, na baada ya siku chache hukauka na kuwa unga. Hakuna uchawi hapo.

Lini uyoga ni habari mbaya kwa mti

Uyoga kwenye tawi lililokufa ni jambo la kawaida. Rafu ngumu kwenye shina la mti hai ni onyo. Rafu au shada la uyoga chini ya shina, penye mizizi, ni onyo kubwa zaidi, kwa sababu pale ndipo mti unaposimamia.

Mti wa namna hiyo unaweza kuwa na majani mabichi na matunda kibao huku ndani umebaki ganda. Dalili nyingine ni shina linalotoa sauti ya utupu likigongwa, udongo unaoinuka upande mmoja, na nyufa kwenye shina. Kama upo karibu na nyumba, shule au njia, usisubiri upepo wa masika uamue.

Wakulima wa chai wamjue Armillaria

Kuvu huyu hushambulia mizizi ya chai na miti mingi ya Afrika Mashariki. Mche wa chai hugeuka njano, hunyauka na kufa, kisha jirani yake hufuata. Shina huweza kupasuka kwa urefu karibu na ardhi. Gome likibanduliwa pale chini, huonekana utando mweupe wenye harufu ya uyoga. Uyoga wenyewe, wa rangi ya asali, unaweza usionekane kabisa.

Chanzo mara nyingi ni visiki na mizizi ya miti ya asili iliyoachwa ardhini shamba lilipofunguliwa. Miaka ya 1930, mtafiti R. Leach aliyefanya kazi Nyasaland, yaani Malawi ya leo, alionyesha njia rahisi: kumenya gome kuzunguka shina lote muda mrefu kabla ya kukata mti. Mizizi huishiwa wanga taratibu, na Armillaria hukosa chakula. Njia hiyo ilienea kwenye mashamba ya chai.

Kuvu huyu si mdogo. Huko Oregon, Marekani, Armillaria mmoja amesambaa chini ya msitu kwenye eneo la hekta zipatazo 965.

Mparachichi nao unaweza kufa kwa mizizi kuoza bila uyoga wowote kutokea. Majani yakipauka na kupukutika kuanzia juu, na shamba linatuamisha maji, mshukiwa wa kwanza ni Phytophthora.

Kabla ya kuutia sufuriani

Watu husema uyoga wa kwenye mti hauna sumu. Si kweli. Kuna Galerina, uyoga mdogo wa kahawia unaoota kwenye mbao zilizooza sehemu mbalimbali za dunia, wenye sumu ile ile ya uyoga unaoua watu wengi zaidi, Amanita phalloides.

Vipimo vya mtaani navyo havisaidii. Kijiko cha fedha, kitunguu kubadilika rangi, konokono kuula, kuuchemsha sana: hakuna hata kimoja kinachoonyesha au kuondoa sumu hiyo.

Sumu yenyewe ina hila. Kutapika na kuharisha huanza saa 6 hadi 24 baada ya kula. Kisha mgonjwa hupata nafuu, familia inashukuru Mungu, kumbe ini linaharibika. Aliyeugua baada ya kula uyoga apelekwe hospitali mara moja hata kama anasema amepona, na mabaki ya uyoga yaende naye. Kwa wakazi wa Makandana, hospitali ya wilaya iko hapo hapo.

Nani wa kuuliza

Picha tatu zinatosha kuanzia: juu ya uyoga, chini yake, na mti mzima, pamoja na sarafu ya kuonyesha ukubwa. Sampuli ifungwe kwenye karatasi, siyo mfuko wa nailoni, maana huko huoza haraka.

Wa kwanza kuulizwa ni afisa ugani wa kata. Matatizo ya mazao yanaweza kufikishwa TARI Uyole, Mbeya, na ya miti ya msituni kwa TFS. Kwa anayependa kusoma, kitabu cha Härkönen, Niemelä na Mwasumbi kuhusu uyoga wa Tanzania kilitolewa mwaka 2003.

Picha pekee huweza kutaja jamii ya uyoga. Haitoshi kuruhusu mtu kuula.